Uhuru Huadhimishwa Wapi?

Kila mwaka inapokaribia tarehe 9 Desemba, mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda kusini hujaa watu. Shule zimefungwa, mvua za kwanza zimeanza kugusa mashamba, korosho za mwisho zaokotwa chini ya mikorosho, na fedha za minada ama zimelipwa, ama zingali zangojewa. Mwalimu, askari, karani, mchuuzi na mtumishi wa nyumbani, wote wavuka Mto Rufiji, wapita Mnazi Mmoja na Ndanda, hata waone vilima vya mawe vya Masasi. Wengine waendelea kupanda uwanda wa juu wa Wamakonde mpaka Newala. Wazee wetu wakumbuka kwamba kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari hiyo ilitegemea kivuko, na wakati wa masika mtu wa kusini aliweza kukatiwa njia ya kwao kwa muda mrefu. Leo aondoka asubuhi, akalala kwa mama yake.

Basi swali tupendalo kuliweka mbele ya wasomaji wetu ni hili. Mtu huyu aliyerudi kwao siku ya Uhuru, akachinja kuku, akaketi barazani pamoja na wazazi, wajomba na wapwa zake, je, ameadhimisha sikukuu ya taifa? Au ameadhimisha sikukuu ya nyumba yake tu, na taifa limempa nafasi ya kupumzika bila yeye kulikumbuka hata kwa neno moja?

Wako wasemao kwamba mahali pa sikukuu ya taifa ni uwanjani, penye bendera, gwaride na hotuba. Anayebaki nyumbani amejitenga. Wako pia wasemao kwamba hotuba ni kazi ya wakubwa, na kwamba mtu mwenye akili hutumia siku hiyo kwa ajili ya walio wake, basi. Sisi tuonavyo, pande zote mbili zimekosa shabaha, ingawa kila moja imeshika kipande cha ukweli.

Wale wa kwanza tuwakumbushe mambo yaliyotokea karibuni. Mwaka 2015 Rais John Magufuli aliamuru kwamba sherehe za Uhuru zisifanyike. Siku ile watu walishika mafagio na majembe wakafanya usafi, na fedha zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge huko Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan naye aliziahirisha sherehe, na fedha zake zikaelekezwa katika kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Gwaride halikuwapo, je, Uhuru nao haukuwapo? Hakuna aliyesema hivyo. Kumbe gwaride ni pambo la sikukuu, wala si sikukuu yenyewe. Pambo ni jema, nasi hatulidharau, maana mtoto aonaye bendera ikipandishwa hujifunza jambo ambalo kitabu hakiwezi kumfundisha. Lakini pambo likiondolewa, kinachobaki ndicho kiini chenyewe.

Kiini hicho ni nini? Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba baada ya Mungu deni letu kubwa ni kwa wazazi wetu na kwa nchi yetu, kwa kuwa kwao tumepata kuzaliwa na kulelewa. Tena madeni hayo mawili hakuyatenganisha, bali aliyaweka chini ya fadhila moja. Kwa Kiswahili twaweza kuiita shukrani ya mtoto. Fundisho hili lina maana kubwa. Mtu hawezi kusema, “Nampenda mama yangu, lakini nchi si kitu kwangu,” wala hawezi kusema, “Naipenda nchi yangu,” hali mama yake ameshinda njaa kijijini. Chanzo cha mapendo hayo mawili ni kimoja: kutambua kwamba tulipokea kabla hatujaweza kutoa.

Wahenga wamesema, mwacha kwao ni mtumwa. Methali hiyo yasemwa po pote penye Waswahili, lakini Masasi ina sababu ya kuielewa kuliko wengi. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misioni ya Kianglikana alisafiri kutoka pwani akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kufika nchi za Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi wakakaa, wakajenga, wakalima. Watu hao hawakuacha kwao kwa hiari, walinyang'anywa kwao. Nao walipofunguliwa minyororo, hawakuridhika kwamba minyororo imeanguka. Walitafuta mahali pa kuwasha moto, pa kuwazika wafu wao, na pa kuwaita watoto wao kwa majina.

Wala hawakuachwa wakae kwa raha. Mwaka 1882 mji wao ulishambuliwa na Wangoni walioitwa Magwangwara, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, na sehemu ya kazi ya misioni ikahamia Newala. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, misioni ya Masasi ilichomwa moto. Kila mara watu walirudi wakaanza tena. Basi katika nchi yetu hii, zaidi ya miaka themanini kabla ya usiku ule wa Desemba 1961 bendera ya Tanganyika ilipopandishwa, walikuwapo watu waliokwisha kujua kwa maungo yao kwamba uhuru usio na nyumba ya kurudia haujakamilika, na kwamba nyumba isiyo na uhuru yaweza kuvunjwa usiku mmoja. Kwa hiyo yule anayerudi Masasi siku ya Uhuru akaketi na jamaa zake hakuikimbia sikukuu. Ameketi mahali ambapo matunda ya Uhuru huonekana kwanza: mlango ambao hakuna awezaye kuingia usiku na kuwachukua watoto wakauzwe.

Mpaka hapa twaonekana kuwapa haki wale wa upande wa pili, wanaosema sikukuu ni ya nyumbani. Lakini hatujamaliza, maana nyumba yaweza kuwa kimbilio, na yaweza pia kuwa boma la kuwafungia wengine nje. Hapa hatuna budi kukiri jambo linalotuhusu sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, siku ya Uhuru, tulikwenda katika hospitali moja ya kusini kumjulia hali mjomba wetu. Ndugu wanne walikuwa wamekwisha kumtolea damu, naye alikuwa anaendelea vizuri, hata akatutania kwamba sasa ana kichwa kigumu cha watu wanne. Tulipokuwa twaagana barazani, mama mmoja wa makamo akatujia, akauliza kwa sauti ya chini kama yupo awezaye kumsaidia binti aliyejifungua usiku na kupoteza damu nyingi. Binti yule alikuwa mgeni, mke wa mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka mikoa ya mbali. Mumewe alikuwa amekwisha kutoa, na hawakuwa na mtu mwingine. Tuliangaliana. Mmoja wetu akajibu kwa upole, “Mama, sisi si ndugu zake.” Halikuwa neno la ukatili, lilisemwa kama mtu aelezavyo kwamba leo si zamu yake. Nasi, tuliozoea kuwahubiria wengine, hatukusema kitu. Tukarudi nyumbani, tukala pilau, tukazungumza habari za Uhuru mpaka jioni. Kilichompata binti yule hatukupata kukijua.

Neno lile halijatutoka. “Sisi si ndugu zake.” Katika nchi hii neno ndugu limetumika sana. Kwa miaka mingi twaitana ndugu mikutanoni, ofisini na katika barua, hata tusiojuana. Mwalimu Julius Nyerere, alipoandika kijitabu chake juu ya Ujamaa mwaka 1962, alichukua neno la nyumbani, jamaa, akalifanya msingi wa taifa zima. Alitaka yale mtu awatendeayo watu wa mlango wake yapanuke yawafikie wote. Neno lilienea upesi, lakini moyo huenda polepole kuliko neno. Siku ile barazani, bendera ikipepea nje, tuligundua kwamba ndugu yetu ni yule aliyezaliwa na dada wa mama, na kwamba yule Mtanzania mwingine ni jirani wa jina tu.

Je, twalaumu mapendo ya ukoo? La, hasha. Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, wana jambo la kuwafundisha wengine juu ya uzito wa mjomba na wajibu wa mpwa. Ni haki kabisa mtu kuanza na walio wake. Mama aliye na kipande kimoja cha muhogo humpa mwanawe kwanza, wala hakuna atakayemhukumu. Mapendo yana utaratibu, kama maji ya mto yanavyopita kwanza kwenye kingo zilizo karibu. Lakini mto ukizibwa papo hapo huwa dimbwi, na dimbwi huoza. Kuanza na walio wetu ni utaratibu wa mapendo. Kuishia kwao ni ubinafsi uliopanuliwa kidogo, ukavikwa kanzu ya heshima.

Hata mila zetu zilijua hivyo. Tazama utani. Wakati wa msiba, mwenye kufiwa akiwa amepooza kwa majonzi, mtani ndiye ashikaye kazi zilizo nzito, akafanya mzaha katikati ya machozi, akahakikisha maiti yazikwa kwa heshima. Mtani si wa damu. Mara nyingi ni mjukuu wa watu waliopigana na babu zetu. Wazee waliona hatari ya ukoo kujifungia, wakaweka mlango wa kutokea. Taifa, likieleweka vizuri, ni mlango huo huo uliofanywa kuwa mpana zaidi.

Ndiyo maana twaona kwamba hakuna tendo lifaalo sikukuu ya Uhuru kuliko kutoa damu kwa mtu usiyemjua. Kwa ndugu yako watoa kwa sababu wamjua uso. Kwa taifa watoa kisha waondoka, wala hutajua kama damu yako imekwenda kwa mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria, ambayo hukithiri mvua zinaponyesha, au kwa mama aliyejifungua, au kwa kijana aliyeanguka na pikipiki. Chupa haiandikwi kabila, wala dini, wala chama cha siasa. Huandikwa kundi la damu tu. Twasema damu ni nzito kuliko maji, tukimaanisha ukoo. Lakini damu yenyewe, ikiwa katika chupa, haiujui ukoo. Mmakonde wa Newala aweza kufaana na Msukuma wa Shinyanga, na ndugu wawili wa tumbo moja wasifaane.

Mwanamume mwenye afya aweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Kinachotolewa ni chini kidogo ya nusu lita, na mwili hukirudisha. Nchi yetu ina Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na kituo chake cha Kanda ya Kusini kiko Mtwara. Hata hivyo, po pote ambapo watu hawajitokezi kwa hiari, mzigo huwaangukia jamaa za mgonjwa, nao hutafutwa mbio mbio saa ya hatari. Mwenye jamaa wengi hupona. Mgeni hubaki akihesabu vidole. Watu wakitoa mapema, bila kuitwa, jina la ukoo haliulizwi mlangoni. Kwa hiyo akiba ya damu katika hospitali ni kipimo cha taifa kilicho wazi kuliko hotuba nyingi. Yaonyesha ni wangapi kati yetu waliowafikiria watu wasiowajua.

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni magumu kwa mtu wa kawaida. Na tumtazame mtu mmoja aliyetembea katika njia zetu hizi. Mwaka 1935 daktari Mwingereza, Leader Stirling, alifika katika nchi ya Masasi kufanya kazi ya uganga katika misioni ya Kianglikana, akahudumu Lulindi, na baadaye Mnero katika misioni ya Wabenediktini. Hapa hakuwa na mjomba wala mpwa. Aliwapasua na kuwatibu watu ambao lugha yao alilazimika kujifunza kwanza. Baadaye aliingia katika Baraza la kutunga sheria, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Alikuja akiwa mgeni, na nchi ikawa kwao kwa sababu alitoa kabla ya kuuliza ni nani ndugu yake. Hospitali ya Mkomaindo, pale Masasi, nayo ilianzishwa na wamisionari wa namna hiyo. Watu waliotoka mbali namna ile waliweza; na sisi tuliozaliwa chini ya vilima hivi je?

Kuna neno jingine ambalo hatupendi kulificha. Wako watu wa kusini wasemao kwa uchungu kwamba taifa halikuwatendea kama mama. Kwamba waliwekwa nyuma kwa barabara, kwa shule na kwa bei ya mazao yao. Kwa nini basi washerehekee? Tunajibu kwamba shukrani ya mtoto haimkatazi mtoto kusema kweli. Mwana mwema humwambia baba yake penye kosa, tena humwambia waziwazi na kwa adabu, kwa sababu nyumba ni yake pia. Anayesifu tu ni mgeni anayetaka kulishwa. Anayetukana tu ni mgeni anayetaka kuondoka. Mwenye nyumba hulalamika, kisha hushika jembe. Kuipenda nchi bila kuisema ni uvivu, na kuisema bila kuipenda ni chuki.

Tena tukumbuke walioilipia. Huko Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, wamelala askari wa Tanzania waliofariki katika mapambano ya Msumbiji. Walitoka mikoa mbalimbali. Mama zao waliwangoja warudi nyumbani kwa sikukuu, nao hawakurudi; ardhi yetu ya kusini ndiyo imekuwa kwao. Na huko Lupaso, katika Wilaya ya Masasi, amelala Benjamin Mkapa, aliyezaliwa papo hapo mwaka 1938, akawa Rais tangu 1995 hadi 2005, akazikwa kijijini kwake tarehe 29 Julai 2020. Huyu alirudishwa kwao na taifa zima likimsindikiza. Wale walibaki mbali na kwao kwa ajili ya jirani. Makaburi hayo ya namna mbili yasema jambo moja: kijiji na taifa havishindani. Mtu hutoka katika kimoja akatumikie kingine, na mara nyingine hapewi nafasi ya kurudi.

Basi, ninyi mliokwisha kufungasha mizigo kwenda kwenu, nendeni kwa amani, tena kwa furaha. Kaeni na wazee, muwaulize yale waliyoyaona, maana kila mwaka tunazika masimulizi ambayo hakuna aliyeyaandika. Mwenye ugomvi na ndugu yake juu ya shamba au juu ya fedha za korosho, aumalize kabla kuku hajapikwa, kwa kuwa mtu aliyefungwa na chuki hawezi kuimba Uhuru. Uraka usiwe ndio mgeni wa heshima wa siku hiyo, wala aliyetoka mjini asirudi ili aonekane, bali ili aone.

Kisha, kabla ya kupanda basi la kurudi, fanyeni jambo moja kwa ajili ya mtu asiye wa ukoo wenu. Iwe Mkomaindo, iwe Ndanda, iwe Newala, mwenye afya na aende hospitalini akatoe damu. Asiyeweza, na amwangalie mgeni aliye mpweke katika kijiji, mwalimu au muuguzi aliyeshindwa nauli ya kwenda kwao, amwite aje aketi naye mkekani. Nyumba iliyofungua mlango wake siku hiyo imeadhimisha Uhuru, hata kama haikusikia hotuba.

Nasi tulioandika haya twajua mahali pa kwenda mwaka huu. Deni letu kwa binti yule hatuwezi kumlipa mwenyewe. Lakini yupo mwingine ambaye usiku huo atakuwa kitandani, mbali na kwao, akihesabu ndugu zake na kuwaona hawatoshi.